Kamyo, shofere na fakture ndani ya XML moja

Kamyo ikipakiwa katode za shaba kule Kolwezi ao Likasi, ikapita hapa Lubumbashi, ikaenda kupanga foleni ku mpaka wa Kasumbalesa, karatasi zenye zinaifuata ni nyingi kuliko vyombo vya shofere mwenyewe. Kuna fakture, kuna karatasi ya uzito, kuna karatasi ya labo yenye inasema shaba ni safi kiasi gani, kuna vibali, kuna paspoti ya shofere, kuna kamyo yenyewe na trela na namba zake, kuna mwenye kuuza na mwenye kununua. Kwa karatasi haina shida, unachukua yote unaitia mu farde moja, unafunga na elastiki, unamupatia shofere, anaenda. Shida inaanza pale mtu wa Dar es Salaam, yule anaepokea mzigo kabla haujapanda meli, anasema yeye hataki farde, anataka faili moja ya XML (maandishi yenye kila habari inakaa kati ya balizi mbili zenye jina lake, ya kufungua na ya kufunga) kwa kila kamyo, moja tu sio saba, na iingie mu sistemu yake bila mtu kuandika kitu kwa mkono.

Mimi naandikiaga programu ofisi moja ya transiti hapa mjini. Programu ni ya Java, ya zamani kidogo, na ndani yake kila kitu kina klasi yake: Kamyo, Shofere, Mteja, Fakture, KaratasiYaUzito, KaratasiYaLabo, Kibali. Klasi hizi hazifanani hata kidogo, fakture iko na mistari na bei na sarafu, shofere iko na jina na namba ya paspoti, labo iko na asilimia. Na swali lenye vijana wa programasio wananiulizaga sana ni hili: objekti za klasi tofauti, zenye hazina undugu wowote, unaziingiza namna gani mu hati moja ya XML? Jibu fupi lipo, nitalitoa hapa chini, lakini hilo jibu fupi njo linaletaga taabu baadaye juu watu wanaishia hapo hapo.

Tuanze na XML yenyewe, haraka. W3C, shirika lenye linaweka kanuni za wavuti, iliitoa rasmi tarehe 10 Februari 1998, ikiwa imepunguzwa na kurahisishwa kutoka SGML, lugha ya balizi ya zamani zaidi, ile ya ISO ya mwaka 1986. Kwa habari yetu ya leo sheria yake kubwa ni moja: hati iko na elementi moja tu ya mzizi, na kila kingine kinakaa ndani yake. Juu ya mzizi unaweza kuweka ule mstari wa utangulizi wenye unataja vesheni na usimbaji wa herufi, na mstari huo ukiwepo unatokea mara moja, mwanzoni kabisa, hata nafasi tupu mbele yake hairuhusiwi.

Sasa angalia vile wengi wanafanya. Kila klasi wanaipa metodi yake, tuseme toXml(), kila metodi inajifungulia JAXB yake (maktaba ya Java yenye inageuza objekti kuwa XML) na inarudisha maneno. Kisha wanayajumlisha yote, kamyo + shofere + fakture, wanaandika mu faili, wanasema kazi imeisha. Ukifungua ile faili unakuta mstari wa utangulizi uko mara saba, ni sawa vile watu saba mu mkutano mmoja kila mtu anafungua mkutano kwa sala yake mwenyewe. Kisomaji, ile programu yenye inasoma XML, kikifika ku utangulizi wa pili kinakataa hapo hapo. Bon, mtu anasema haina shida, anafuta ile mistari kwa replace, anabakisha mmoja. Kisomaji kinakataa tena, juu sasa kuna mizizi saba. Anaongeza kwa mkono "<dosye>" mbele na "</dosye>" nyuma, na hapo inakubali, anafurahi, anaenda kula bukari yake. Inaenda vizuri mpaka siku anaandika na jina la mteja kwa mkono vile vile, bila kupitia JAXB, na mteja huyo iko na jina la kampuni lenye linaishia na "& Fils". Na hapa kwetu majina ya hivyo yamejaa, tembea tu mu barabara za katikati ya mji usome vibao. Ile alama ya & mu XML ni mwanzo wa kitu kingine, lazima iandikwe &amp;, na yule mwenye kushona balizi kwa mkono mara nyingi haijui mpaka faili ikataliwe. Kuna alama tano zenye XML imeziwekea majina yake tangu mwanzo (&amp; &lt; &gt; &quot; &apos;) na maktaba yoyote ya maana inazishughulikia yenyewe, mradi wewe usimunyang'anye kalamu.

Kwa hiyo jibu fupi ni hili: tengeneza klasi moja zaidi, yenye kazi yake ni kuwa farde. Haiuzi kitu, haihesabu kitu, inabeba tu.

@XmlRootElement(name = "dosye")
public class Dosye {
    @XmlAttribute public String vesheni;
    @XmlElement public KamyoXml kamyo;
    @XmlElement public ShofereXml shofere;
    @XmlElement(name = "mteja") public List<MtejaXml> wateja;
    public List<HatiXml> hati;
}

Unajaza ile Dosye, unaiita marshal (amri ya kugeuza objekti kuwa XML) mara moja tu, JAXB inashuka yenyewe mu kila objekti, inafungua balizi, inafunga, inaandika utangulizi mara moja. Hiyo tu. Watu wa C# ni vile vile, XmlSerializer inapewa typeof(Dosye) na inafanya kazi ile ile, ila yenyewe inadai kila klasi iwe na konstrakta isiyo na kitu ndani ya mabano, na Dictionary haiitaki kabisa, utageuza kuwa orodha.

Umeona vile nimeandika KamyoXml, sio Kamyo. Hapo njo kuna ugomvi wangu na watu wengi. Wao wanachukua klasi zile zile zenye zinafanya kazi ya kila siku, zenye zimefungwa na databezi, wanazimwagia anotasio za XML, zile alama zenye zinaanza na @, na wanasema wamemaliza. Mimi nasema hapana. Hati ni ya yule anaepokea. Yule wa Dar hajui klasi zangu na hapaswi kuzijua, siku nitabadilisha jina la klasi ao nitaigawa mbili, yeye asisikie kitu. Kwa hiyo naanzaga na hati: naandika kwanza XML moja ya mfano kwa mkono, ya kamyo moja, na tunabishana juu yake mpaka wote wawili tunakubali, kisha nashuka ku kode na natengeneza klasi ndogo ndogo za kubeba tu, na mtu wa kati wa kuhamisha vitu kutoka Kamyo kwenda KamyoXml. Ni kazi ya kuchosha kweli, unaandika getNamba na setNamba mpaka macho yanauma, na vijana wanalalamika ("yaya, si tunaandika kitu kimoja mara mbili?"). Ni mara mbili, ndio. Lakini kimoja ni cha kwetu na kingine ni cha watu.

Tuje ku ile orodha ya hati, List<HatiXml>, juu hapo njo swali lenyewe liko. Ndani ya orodha moja kuna fakture, karatasi ya uzito, karatasi ya labo, vibali, kamyo moja inaweza kuwa na tatu na nyingine kumi, na mpangilio haujulikani. Zote zinarithi HatiXml, klasi ya juu yenye iko na namba na tarehe basi. JAXB ikiona orodha ya HatiXml inajuaje kama ndani kuna fakture?

Haijui, mpaka uiambie. Na hapa kuna tabia moja ya JAXB yenye inanikasirishaga mpaka leo. Kama hukuitajia zile klasi ndogo, na klasi ya juu inaijua, inachukua fakture yako inaiandika sawa vile ni HatiXml tupu: namba, tarehe, imeisha. Bei hakuna, mistari hakuna, na hailalamiki hata neno moja, faili ni XML nzuri kabisa, inasomeka, inapita, imepungukiwa tu nusu ya dosye. Inapaza sauti pale tu haijui klasi yenyewe wala mzazi wake yeyote. XmlSerializer ya .NET (ule upande wa C#) hapo iko na heshima zaidi, inasimama na kukwambia hii aina sikuitarajia, weka XmlInclude. Mimi nachagua programu yenye inapiga kelele kuliko yenye inanyamaza, kila mara.

Njia za kuiambia ziko nyingi, nitasema mbili. Ya kwanza ni kuweka @XmlSeeAlso ku klasi ya juu na kuorodhesha watoto wake. Inafanya kazi, lakini XML yenye inatoka ni hii:

<hati xsi:type="karatasiYaUzito">

Elementi zote zinaitwa hati, na aina inakaa mu ile atributi ya xsi:type. Kwa sheria ya XML Schema, ile lugha ya kuandika skima, yaani sheria za hati, ni sahihi kabisa. Lakini angalia kile kimeandikwa pale ndani: jina la klasi yangu ya Java, herufi ya kwanza imeshushwa kuwa ndogo. Upande wa C# klasi ya jina lile lile inajitaja KaratasiYaUzito, na herufi kubwa, juu kule kuna desturi nyingine, na XML inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Kwa hiyo mnaanza kugombana juu ya K. Unaweza kurekebisha kwa @XmlType(name=...), sawa, lakini mimi sipendi kabisa jina la klasi litembee mpaka Dar es Salaam.

Njia ya pili, na hii njo naitumia:

@XmlElements({
    @XmlElement(name = "fakture", type = FaktureXml.class),
    @XmlElement(name = "uzito", type = UzitoXml.class),
    @XmlElement(name = "labo", type = LaboXml.class),
    @XmlElement(name = "kibali", type = KibaliXml.class)
})
public List<HatiXml> hati;

Sasa kila objekti inatoka na jina lake la kueleweka, <fakture>, <uzito>, <labo>, na mu skima hiyo inakuwa xs:choice yenye inarudiwa bila kikomo. Majina ni ya hati, sio ya kode. Mu C# ni [XmlElement("fakture", typeof(Fakture))] mara kadhaa juu ya orodha ile ile, wazo halibadiliki. Na kama objekti zako kweli hazina undugu wowote, hata mzazi mmoja hakuna, List<Object> nayo inakubali anotasio hizo hizo, usijilazimishe kuzitafutia baba wa uongo. Watu wanaundaga klasi ya BaseObject yenye haina maana yoyote, juu tu ya kupata orodha moja.

Kuna pia @XmlAnyElement(lax=true) yenye inapokea chochote. Sitaki kuizungumzia sana, ukipokea chochote utapewa chochote.

Kitu kingine: objekti zenye zinatajana. Kamyo inamujua shofere wake, shofere anajua kamyo yake, mu memori ya ordinatere hiyo haina shida, ni mishale miwili tu. Lakini XML ni mti, matawi hayarudi ku shina. JAXB inaanza na kamyo, inaingia mu shofere, inakuta kamyo, na hapo inakataa inasema kuna mzunguko. Rahisi ni kukata upande mmoja na @XmlTransient. Yenye inajificha zaidi ni mteja: fakture tatu za mteja mmoja, kila fakture iko na mshale kwenda ku objekti ile ile. Hapo hakuna mzunguko, kwa hiyo hakuna mtu anakataa, mteja anaandikwa mara tatu, na mu upande wa pili faili ikisomwa wanazaliwa wateja watatu. Wakibadilisha adresi ya mmoja, wawili wanabaki na ya zamani.

Dawa ni kumuandika mteja mara moja, kumupa kitambulisho, na kila fakture imutaje tu. JAXB iko na @XmlID na @XmlIDREF, na XML Schema iko na xs:ID na xs:IDREF nyuma yake. Sasa hapa klasi tofauti zinakutana kwa namna watu hawaitarajii. Mu databezi, mteja namba 47 na kamyo namba 47 hawana ugomvi, kila mtu mu tebo yake. Mu XML, xs:ID lazima iwe ya pekee mu hati nzima, haijali ni klasi gani, na tena hairuhusiwi kuanza na tarakimu. Kwa hiyo 47 peke yake inakataliwa mara mbili. Sisi tunaweka kiambishi mbele, mtj-47, kmy-47, shf-47, na hiyo imetusaidia hata macho, juu mtu akisoma faili anaona moja kwa moja mstari unaelekea ku kitu gani.

Na majina je? Watu wanaogopaga kama Kamyo iko na elementi <namba> na Fakture nayo iko na <namba>, zitapigana. Hazipigani, kila moja iko ndani ya mzazi wake. Zenye zinapigana ni klasi mbili za jina moja mu pakeji tofauti, tuseme Adresi ya wateja na Adresi ya maghala, JAXB inazifuata zote mbili inakuta jina la aina ni moja, inakataa kuanza kazi. Unazipa majina tofauti ku @XmlType, ao unaziweka mu maeneo tofauti ya majina (namespace), yale yenye W3C iliongeza mwaka 1999. Kwa dosye ya kamyo moja mimi maeneo ya majina mengi sioni faida yake, yanajaza faili na ns2 na ns3 mpaka mtu wa kawaida anakimbia. Moja linatosha.

Sasa nataka kukaa kidogo ku kitu chenye vitabu vinakipita haraka, na hapa kwetu njo kinaua: lugha ya mashini. Ordinatere zetu zote ziko mu Kifaransa. Kijana mmoja wa staji aliona uzito unatoka na tarakimu nyingi nyuma ya nukta, akataka kupunguza zibaki mbili, akaweka String.format("%.2f", uzito), kitu cha kawaida kabisa. Ku mashini ya Kifaransa hiyo inatoa 28450,50. Na virgule. XML Schema kwa xs:decimal inataka nukta, virgule haiijui. Kama upande wa pili wangekuwa wanapima faili na skima ingekataliwa mlangoni, lakini siku hizo walikuwa hawapimi, na mashini yao iko mu Kiingereza, kule virgule ni ya kutenganisha maelfu, kwa hiyo wao waliitupa. Ujumbe wenye ulifika WhatsApp nitaukumbuka: "Kaka, habari za Lubumbashi? Hii kamyo yenu imebeba kilo milioni mbili laki nane na ushee, imepita daraja lipi?" Tulicheka, ndio, lakini uzito ule njo wenye unalipiwa.

Kwa hiyo: namba isigeuke maneno mikononi mwako. Weka BigDecimal, ukate tarakimu kwa setScale, uiache JAXB iandike, yenyewe inaandika nukta hata mashini iwe ya Kichina. Tarehe vile vile, 05/03/2024 kwetu ni tarehe tano mwezi wa tatu na kwa Mmarekani ni tarehe tatu mwezi wa tano, XML Schema inataka 2024-03-05 na hakuna ubishi. JAXB kwa asili haijui LocalDate, unaiandikia XmlAdapter ya mistari michache. Na pesa daima itembee na sarafu yake ku atributi, USD ao CDF, juu hapa mu siku moja tunafanya zote mbili na namba peke yake haikwambii kitu.

Herufi nazo. Ukimaliza kujaza Dosye na ukaandika kwa FileWriter ya kawaida ku Windows ya Kifaransa, Java ya zamani inatumia usimbaji wa Windows, wakati utangulizi wa faili unasema UTF-8. Faili inajisemea uongo yenyewe. Jina lolote lenye é, na majina yetu ya kampuni yanaanzaga na Établissements kama yote, linavunja usomaji. Toka Java 18 ya mwaka 2022 UTF-8 njo desturi popote, lakini ofisi ngapi ziko na Java 18? Mpatie marshaller OutputStream, sio Writer, atajipangia herufi mwenyewe.

Kuhusu vesheni za Java, neno moja kwa wenye wanahama. JAXB ilikuwa ndani ya Java toka ya 6, ikatolewa mu Java 11 ya mwaka 2018, na baadaye pakeji zikabadilika jina kutoka javax.xml.bind kwenda jakarta.xml.bind. Ukiweka anotasio za javax na maktaba ya jakarta, kompaila haisemi kitu, lakini wakati wa kukimbia anotasio zako zote hazionekani, unaambiwa klasi haina @XmlRootElement wakati unaiona pale mbele ya macho yako. Angalia import kwanza, kabla hujaanza kumulaani mtu.

Kuna watu wataniuliza, kwa nini isiwe JSON tu, ule mtindo mwingine mwepesi wa kuandika data, tumalize. Kwa programu ya simu mimi pia ningechukua JSON, sibishani. Lakini dunia ya duane (forodha) imejengwa juu ya XML: Sydonia World, sistemu ya UNCTAD (shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo) yenye nchi nyingi zinaitumia na yetu ndani yake, inafanya kazi na XML, na wenzetu wa bandari na meli nao wako na skima zao za miaka. Na skima yenyewe ni kitu kikubwa. Sisi na watu wa Dar tuko na faili moja ya XSD, inasema dosye ina nini, nini ni cha lazima, uzito ni desimali, tarehe ni tarehe, na kila upande unapima kabla ya kutuma na kabla ya kupokea. Baada ya ile kamyo ya kilo milioni mbili hakuna mtu alibisha. Kupima huko kumetufundisha pia kwamba mpangilio ni kitu: xs:sequence inataka kamyo itangulie shofere kama mmekubaliana hivyo, na JAXB yenyewe haikuahidi mpangilio wowote mpaka uweke propOrder. Inaweza kuja sawa mwaka mzima na siku moja ikabadilika.

Mwisho wa mwezi ni habari nyingine, juu wanataka dosye zote mu faili moja kubwa. Ukizipakia zote mu memori, orodha ya Dosye elfu kadhaa na kila moja na hati zake, mashini ya ofisi inaanza kupumua vibaya. Hapa tunaacha ile marshal ya mara moja. Tunafungua XMLStreamWriter, tunaandika utangulizi na <mwezi> sisi wenyewe, kisha tunachukua dosye moja moja kutoka databezi, tunamupa marshaller yule yule akiwa na JAXB_FRAGMENT imewekwa true, maana yake andika yako bila utangulizi, na mwisho tunafunga </mwezi>. Kalamu bado ni moja, klasi zinapokezana tu.

Na umeme ukikatika katikati? Hapa hilo sio swali la kubuni, ni Jumanne. Faili inabaki bila </mwezi>, na kisomaji chochote kitaikataa juu mzizi haujafungwa, hiyo ni zawadi ya XML yenye CSV, faili ya mistari tupu na virgule, haina, CSV iliyokatika ku mwisho wa mstari inaonekana nzima. Ila usiiache pale na jina la kweli. Tunaandika mu mwezi.tmp, tunafunga, tunapima na skima, na ikipita njo tunaibadilisha jina kuwa mwezi.xml, na kile chenye kinatuma kinaangalia .xml peke yake.

Kwa sasa tunabishana juu ya trela. Mu klasi zangu trela ni sehemu ya Kamyo, juu kwetu zinasajiliwa pamoja mu dosye, lakini wa Dar wanasema kule trela inaachwa bandarini na kamyo inarudi na nyingine, kwa hiyo wanataka <trela> isimame peke yake chini ya <dosye>, na kitambulisho chake, trl-, na kamyo iitaje kwa IDREF. Wako na haki. Kwangu klasi ya Kamyo haitaguswa hata mstari mmoja, ni ku Dosye na mtu wa kati tu, na vesheni inapanda kutoka 1 kwenda 2. Kwa miezi miwili hivi tutatuma zote mbili, mpaka wao wazime ya zamani.